Kuteremsha Bendera kwa Heshima ya Wanajeshi Wastaafu: Mwongozo Kamili kwa Mitaa ya Mombasa

Bendera ilikwama katikati ya mlingoti. Haikuwa alama ya msiba; kamba ilikuwa imeruka kwenye kapi, lile gurudumu la juu ya mlingoti. Mzee mmoja aliyetumikia jeshi la wanamaji, umri wake sabini na ushei, alibaki amepiga saluti dakika saba nzima, mkono ukianza kutetemeka, huku kijana akiukwea mlingoti kama anayeangua madafu. Mara adhana ya magharibi ikaanza. Nusu ya watu wakaondoka, na mheshimiwa aliyekuwa angali na karatasi mbili za hotuba akabaki anavihutubia viti. Hafla hiyo niliiandaa mimi, Likoni.

Tangu siku ile nimesaidia hafla nyingine kadhaa, na kila Oktoba ikikaribia hupigiwa simu na watu wa Kisauni, Changamwe na Majengo. Wote wamejikwaa pale pale: kamba, saa, na mzee aliyesahauliwa juani. Basi nayaandika yote hapa kwa mpangilio.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kumwalika mtu yeyote

- Bendera mbili. Moja ya kupepea, moja ya akiba. Kwa mlingoti wa mita 6, bendera ya urefu wa mita 1.5 na kimo cha mita 1 inatosha. Ukichukua kubwa zaidi, upepo wa baharini utakuonyesha kazi.
- Mlingoti wenye kapi inayozunguka. Nasema inayozunguka, si iliyopo tu.
- Kamba ya milimita 6 hadi 8, urefu wake mara mbili ya mlingoti, na mita mbili za ziada.
- Viti vyenye mikono, kimoja kwa kila mzee na viwili vya akiba. Kiti cha plastiki kisicho na mikono kinamfanya mzee mwenye magoti mabovu ashindwe kuinuka mbele za watu, na hiyo si heshima uliyomwitia.
- Kivuli: hema, au mwarobaini mkubwa ukiwa nao.
- Spika moja yenye betri yake. Umeme ukipotea saa 11.50, hutakuwa na muda wa kutafuta jenereta.
- Mpiga tarumbeta, na rekodi ndani ya simu kama akiba.
- Orodha ya majina iliyopigwa chapa kwa herufi kubwa, nakala tatu.
- Meza ndogo na kitambaa cheupe cha kupokelea bendera.
- Maji, kahawa, tende. Haluwa ukijaliwa.

Fulana zenye sura ya mtu, zulia jekundu na kadi za dhahabu usihangaike nazo. Pesa hizo nunua kapi.

## Hatua ya 1: Hesabu saa kurudi nyuma, kuanzia magharibi

Wengi hupanga hafla kuanzia mwanzo. Saa 9 wageni, saa 10 burudani, saa 11 hotuba, kisha bendera "jioni". Lakini hapa kwetu jioni ina mwenyewe, naye ni mwadhini.

Jua la Mombasa halihami sana kwa mwaka, ila linahama vya kutosha kukuaibisha. Oktoba na Novemba huzama mapema kabisa, kama saa 12.10 jioni. Juni mosi, Siku ya Madaraka, ni kama saa 12.15. Jamhuri, tarehe 12 Desemba, ni kama saa 12.25, na Februari hupita saa 12.40. Kalenda ya msikiti wa mtaa wako itakupa dakika kamili. Ipige picha na uibandike juu ya ratiba.

Bendera ya taifa huteremshwa saa 12.00 jioni, kama zifanyavyo ofisi ya chifu na kituo cha polisi. Kwa hiyo siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, una dakika kumi hivi kati ya bendera na adhana. Ndani yake bendera ishuke, ikunjwe, ikabidhiwe, na watu waende kutia udhu. Inatosha, mradi hakuna hotuba hata moja baada ya bendera.

Mteue mshika saa. Asiwe mfawidhi, kwa sababu mfawidhi hupenda kusikika. Awe mtu mkimya mwenye ruhusa ya kuizima mikrofoni, na kila msemaji aambiwe mapema kwamba ruhusa hiyo ipo.

Ramadhani usijaribu. Saa hiyo kila mtu yuko njiani kuwahi futari, na wazee wenyewe wamefunga.

Utajua umefaulu ukiweza kujibu swali hili bila kutazama karatasi: hotuba ya mwisho inaisha dakika gani?

## Hatua ya 2: Uwanja na ruhusa

Sanamu za askari pale Barabara ya Jomo Kenyatta humvutia kila mwandalizi wa mara ya kwanza. Zinawakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 hadi 1918, na kwa maana hiyo ungesema hapana mahali panapofaa zaidi. Lakini saa 12 jioni pale ni honi, matatu na wachuuzi. Mzee hatasikia jina lake. Peleka shada la maua asubuhi, kisha jioni nenda kwenye uwanja wenye ukuta: wa shule, wa ofisi ya chifu, au wa ukumbi wa jamii ambao tayari una mlingoti.

Uwanja ukishapatikana, inakuja ruhusa. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka mkutano wa hadhara utolewe notisi kwa mkuu wa kituo cha polisi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe, na muda wa mkutano uwe kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni. Umeona ilivyo? Bendera yako inashuka dakika ile ile ambayo muda wa sheria unakwisha. Peleka notisi ya maandishi, eleza kwamba tendo la mwisho ni kuteremsha bendera saa 12.00, mwombe mkuu huyo wa kituo atume askari ahudhurie, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Nimewahi kupeleka notisi siku mbili kabla nikarudishwa, na nilistahili.

Mambo matatu usiyafanye hata ukishawishiwa:

Usivalishe raia sare za jeshi. Hata suruali ya madoadoa ya kijana wa mazoezi ni kosa kisheria. Skauti na sare zao wanatosha, tena wanapendeza.

Usilete kitu kinacholipuka, iwe fataki au baruti ya harusi. Niliwahi kumwona mzee wa miaka sitini na kitu akijitupa chini ya meza kwa sababu ya puto la mtoto lililopasuka. Alinyanyuka, akapangusa vumbi, akacheka pamoja nasi. Hafla iliyofuata hakuja.

Usipeperushe bendera ya taifa kwenye gari la mheshimiwa wenu wa mtaa. Haki hiyo sheria imewapa viongozi wachache waliotajwa, naye hayumo.

Kama hafla iko Likoni na wageni wanatoka kisiwani, waambie wavuke kabla ya saa 10. Feri ya jioni haimjali mgeni rasmi.

## Hatua ya 3: Watafute wazee wenyewe

Mtu akiniambia "tumealika wastaafu wote", humuuliza: wa DEFOCA, au wote? Chama hicho cha wanajeshi wastaafu ndicho mlango wa kwanza, nacho kitakusaidia kwa majina na vyeo. Lakini wapo ambao hawajajiunga na chochote. Karibu na kambi ya Mtongwe na ile ya Nyali utawakuta wengi; wengine ni walinzi wa usiku kwenye majengo unayopita kila siku, na wengine wamekaa baraza za kahawa, hakuna anayejua kwamba waliwahi kuvaa bereti. Uliza msikitini, uliza kanisani, muulize muuza kahawa.

Mwendee kila mmoja nyumbani. Usimpigie simu. Ukifika, keti kwanza, unywe kinachotolewa, kisha uliza manne: jina alilolitumia jeshini (mara nyingine si lile la mtaani), cheo alichostaafu nacho, kikosi na miaka, na la nne ambalo wengi hulisahau: je, unapenda utajwe?

Wapo watakaosema hapana, na hapana hiyo ipokee palepale. Waliokuwa katika jeshi la anga lililovunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, kwa mfano, wengine wameubeba mwaka ule kimya hadi leo, hata waliokuwa hawana hatia. Waliorudi kutoka Somalia baada ya 2011 ni vijana bado. Neno "mzee" lenyewe linawasumbua. Wape viti vile vile, ila usiwaulize waliona nini. Na kumuuliza mtu ameua wangapi, hata kwa utani, ni kumfukuza.

Wajane waalike kwa majina yao wenyewe, si kama "mke wa marehemu fulani". Wakija na nishani za waume zao, desturi tuliyoirithi kutoka jeshi la Kiingereza ni kwamba aliyezipata mwenyewe huzivaa kifuani kushoto, na jamaa wa marehemu huzivaa kulia. Waeleze nyumbani, siku hiyo isije ikawa mtu anamrekebisha mama wa watu mbele za wageni.

Familia ikikuletea jina la babu aliyebeba mizigo ya jeshi vita vile vya kwanza, lisome. Namba hana, cheo hana. Wengi wao hawakuandikwa popote. Soma jina na kijiji.

Utajua umefaulu pale mzee asiye mwanachama wa chochote anapokuuliza mwenyewe: "Nije na bereti?" Mwambie aje nayo. Mwenye bereti atapiga saluti. Asiye na kofia ya jeshi atasimama wima, mikono ubavuni. Hivyo ndivyo walivyofunzwa, nao wataudhika wakiona mtu anapiga saluti kichwa wazi.

## Hatua ya 4: Uzungumze na mtaa

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayoamua kama utakuwa na watu au viti.

Mombasa imeona bendera nyingi zikishuka. Ile nyekundu ya Sultani wa Zanzibar ilipepea Fort Jesus hadi 1963, na wazee walioiona kwa macho yao bado tunao. Kwa hiyo ukienda barazani na neno "uzalendo" mdomoni, utajibiwa. Haya ndiyo niliyojibiwa mimi, na nilichojifunza kuyafanya.

*"Bendera haijazi tumbo."* Usibishane, maana ni kweli. Mwambie huyo bwana kwamba hukuja kumwomba aipende serikali, umekuja kumwomba asimame dakika tano kwa ajili ya jirani yake. Kisha mtaje jirani. Uzalendo wa jumla watu huupuuza, ila baba Fulani wa nyumba ya tatu, aliyewabebea maji mwaka wa kipindupindu, hawampuuzi.

*"Pwani imepata nini?"* Hili ni zito, na jukwaa la bendera silo mahali pa kulijibu. Nakumbuka kijana aliyeliuliza kwa hasira, nami nikamjibu kwa hasira zaidi. Tukapoteza vijana wote wa maskani yake. Siku hizi nasema: lete swali hilo kwenye baraza ya chifu, nitakuja kukuunga mkono, Jumamosi tunamheshimu mzee wako. Na akitaka kujua kama Pwani imo, mkumbushe kwamba tuni ya Wimbo wa Taifa ilitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana.

*"Kusimamia kitambaa ni kukiabudu."* Nenda kwa imamu au maalim wa mtaa mapema, umweleze kila tendo litakalofanywa: hakuna kuinama, hakuna kusujudu, ni kusimama kwa adabu tu. Nilipomtangulizia maalim maelezo, yeye ndiye aliyewaeleza wenzake. Mashahidi wa Yehova hawapigi saluti wala hawaimbi. Waache wasimame kimya au wakae. Asiwepo wa kuwanyooshea kidole.

*"Filimbi."* Hili halisemwi, huonekana usoni. Watu wa umri wangu wanaikumbuka filimbi ya saa 12, iliyopigwa bendera ikishuka: ikilia, ulikauka hapo ulipo, hata mguu mmoja ukiwa hewani, kwa sababu aliyeendelea kutembea aliweza kukamatwa. Tulisimama kwa hofu, na hofu ile wengi bado wanaiita uzalendo. Mimi siiiti hivyo. Vijana wa leo hawasimami kwa filimbi, lakini hao hao Juni 2024 walikuwa barabarani, bendera ile ile wamejifunga mabegani, wakipinga kodi. Kwa hiyo anayeniambia vijana hawaijali bendera, namwambia wanaijali, ila hawataki kuamrishwa.

Basi usitumie filimbi, na usimtume mtu kuwakemea wapita njia. Fanya hivi: siku tatu kabla, nenda stendi ya bodaboda na ya tuktuk zilizo karibu na uwanja, zungumza na mwenyekiti wao, umpe jina la mzee mmoja wanayemjua. Muombe jambo dogo: saa 12.00 hadi 12.03 wazime injini.

Utajua umefaulu siku yenyewe, injini zitakaponyamaza bila mtu kupaza sauti. Mara ya kwanza liliponitokea, Kisauni, ukimya ulikuwa mzito hata tukasikia kapi ikizunguka.

## Hatua ya 5: Mlingoti, kapi na kamba

Hewa ya chumvi inakula chuma. Kapi iliyozunguka vizuri Juni inaweza kuwa imeganda Oktoba. Kwa hiyo wiki moja kabla, si siku moja, fanya yafuatayo.

1. Ishushe kapi au umpandishe fundi. Akiwa mtu wa jahazi ni bora zaidi, kwani kamba na kapi ndiyo maisha yake. Asugue kutu, atie grisi. Mafuta ya kupikia yasitumike, hushika mchanga.
2. Angalia kama kamba inaweza kuingia kati ya gurudumu la kapi na kuta zake. Ikiingia, ni nyembamba mno. Hapo ndipo nilipoangukia mimi kule Likoni.
3. Vuta kamba mzunguko mzima, ukiipitisha kati ya vidole. Ukihisi mahali palipochanika au fundo, badilisha kamba yote. Fundo halipiti kwenye kapi.
4. Funga bendera ya akiba, ipandishe, iteremshe mara tano.

Angalia upande wa juu: nyeusi juu, nyekundu katikati, kijani chini, mistari myeupe kati yake. Ncha za mikuki zitazame mbinguni. Tia alama ya uzi kwenye kona ya juu ya upande wa kamba, ili anayefunga asubuhi na usingizi machoni asikosee.

Kusi ikivuma, yaani kuanzia Aprili hadi Septemba, bendera hupenda kujiviringisha kwenye kamba. Mshika kamba asimame upande upepo unakotoka na aishike kamba ikiwa imekazwa. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua ikija ije. Bendera iliyolowa huwa nzito na hushuka kwa kasi. Mshika kamba avae glavu au akunje kitambaa kiganjani.

## Hatua ya 6: Mazoezi mawili, moja likiwa saa 12 kamili

Unahitaji watu watatu mlingotini: mmoja wa kuteremsha, wawili wa kupokea. Skauti wa shule jirani ni wazuri, au wajukuu wa wastaafu wakipatikana. Usichague kwa urefu wala sura. Chagua wasiocheka wakitazamwa.

Bendera hupandishwa kwa wepesi na kuteremshwa taratibu. *Last Post*, mlio wa tarumbeta wa kuagia, huchukua dakika moja na robo hivi. Bendera yako itasafiri kama mita tano. Ukivuta sentimita 30 kila mara, ni mivuto kumi na saba. Basi kila mvuto hesabu moja hadi nne kimoyomoyo. Fanyeni hivyo mara kumi, mpaka bendera na tarumbeta zimalize pamoja.

Kuhusu tarumbeta. Barua ya kuomba mpigaji kutoka kambini iandikwe mapema sana, na usitangaze chochote mpaka upate jibu. Bila hivyo, Mombasa haikosi wapigaji. Harusi zetu zingekuwa kimya. Ngoma ya beni yenyewe ilizaliwa pwani hii, watu wakiigiza bendi za wanajeshi, kwa hiyo kumleta mtu wa tarumbeta za harusi si aibu. Kaa naye tu, asikilize rekodi, apige polepole bila mapambo. Tulikuwa na mmoja aliyepiga vizuri hadi mwisho, kisha mkono ukamwasha akaunganisha na chakacha. Kina mama wakaitikia kwa vigelegele. Wazee wawili walicheza, lazima niseme, lakini bendera ilikuwa bado mikononi mwa watoto.

Zoezi la pili lifanye saa 12.00 hasa, ujue jua linampiga nani machoni. Viti vya wazee vitazame mashariki, mgongo kwa jua, hata kama maana yake ni kuihamisha meza ya mgeni rasmi.

## Hatua ya 7: Ratiba ya siku

Hii ndiyo ninayoitumia kwa Mashujaa.

- Saa 10.45: watu wa mtaa wanakaa. Muziki wa chini.
- Saa 11.10: wastaafu wanawasili, wakiwa wa mwisho, na kila mtu anasimama. Wasiletwe saa 9 kusubiri. Ndio wageni rasmi.
- Saa 11.15: dua na sala, moja ya Kiislamu, moja ya Kikristo, dakika tatu kila moja.
- Saa 11.22: mheshimiwa mmoja, dakika tano. Akichelewa, nafasi yake imepita. Muandikie hivyo kwenye barua ya mwaliko.
- Saa 11.28: mstaafu mmoja anazungumza, hadi dakika kumi na tano. Asisomewe wasifu. Mpe mikrofoni akiwa amekaa.
- Saa 11.45: majina yanasomwa: jina, cheo, kikosi, miaka. Polepole. Walio hai wanainua mkono wakipenda. Kwa marehemu, jamaa husimama.
- Saa 11.56: "Tafadhali tusimame." Dakika moja ya ukimya. Majeshi mengine hukaa kimya dakika mbili. Kwa magoti ya wazee wetu moja inatosha.
- Saa 11.58: ubeti wa kwanza wa Wimbo wa Taifa, kwa Kiswahili, bendera ingali juu.
- Saa 12.00: tarumbeta.

Katika kusoma majina, msomaji ayasome yote mbele yako jana yake. Jina la Kidigo likitamkwa vibaya mbele ya ukoo mzima, hakuna radhi itakayotosha.

## Hatua ya 8: Bendera inashuka

Tarumbeta ikianza, mteremshaji anaanza. Wapokeaji wawili wanasubiri mikono ikiwa imenyooshwa, viganja juu. Bendera isiguse ardhi, wala isikumbatiwe kama nguo inayoanuliwa mvua ikija.

Kama bendera ilikuwa nusu mlingoti kwa maombolezo, ipandishwe kwanza hadi juu kabisa, kisha ndiyo iteremshwe yote.

Ikikwama: mteremshaji asipigane nayo. Airudishe juu nusu mita, alegeze, ajaribu tena mara moja. Ikikataa, mfawidhi aseme kwa sauti ya kawaida, "Tafadhali tukae," na mkono wa mzee ushuke. Tarumbeta imalize. Bendera itashushwa baadaye na fundi, kimyakimya. Ningeyajua haya mapema, mzee wangu wa Likoni asingeteseka.

Kuikunja: pembetatu mnayoiona kwenye filamu ni ya Wamarekani, iacheni huko. Wapokeaji waitandaze kati yao, nyeusi ikunjwe kwa nyuma, kijani ikunjwe kwa nyuma, ibaki nyekundu na sehemu ya kati ya ngao mbele. Kisha ncha mbili zirudishwe nyuma mpaka sehemu hiyo ya ngao ikae juu peke yake. Sekunde ishirini, mkizoea.

Mtoto mmoja anaibeba hadi kwa mstaafu mwenye umri mkubwa zaidi. Mzee anaishika, anakaa nayo apendavyo, kisha anamrudishia mtoto. Hapa mfawidhi asiseme neno. Nimeona mzee akiishika sekunde tatu akairudisha kama sahani, na nimeona mwingine aliyeigeuzageuza, akatafuta mshono uliochanika, akamwambia mtoto, "Hapa pashonwe." Vyote viwili ni sawa.

Utajua umefaulu ikiwa adhana imekukuta watu wanasalimiana.

## Hatua ya 9: Baada ya watu kuondoka

Waendao msikitini waende. Kahawa iwasubiri wakirudi. Watakaozungumza kweli watazungumza wakati huo, kikombe mkononi. Usirekodi bila ruhusa.

Kamba ifungwe kwa kukazwa kwenye mlingoti, la sivyo itaupigapiga usiku kucha na majirani watakuja kwako alfajiri. Bendera ikiwa imelowa, ianikwe kivulini siku mbili kabla ya kuwekwa. Kabati la Mombasa na kitambaa kibichi huzaa ukungu kwa wiki. Iliyochakaa isigeuzwe tambara la kufutia pikipiki. Ipeleke ofisi ya chifu.

Shona palipochanika, kama mzee alivyosema.

Na usiku uwapo umeingia, hesabu wazee mmoja mmoja. Kila mzee awe na mtu wake wa kumpeleka hadi mlangoni, nauli ya tuktuk ikiwa imelipwa kabla hajapanda. Wa mwisho akishaingia kwake, ndipo umpigie simu mwenye viti aje avichukue.